Chai ya Tajiri Bila Maziwa

Jumamosi, saa tatu asubuhi, tajiri mmoja aliwaita mama ntilie wote waliopika kwenye baraza la jengo lake waje waonje chai.

Ilikuwa chai nyeusi ya China, ndani ya makopo mekundu yenye picha ya joka. Kuanzia siku hiyo, alisema, kila anayepika barazani pake atauza chai hiyo na si nyingine. Asiyetaka aondoke, baraza si la baba yake.

Miongoni mwao alikuwamo mjane mmoja. Baraza lile ndilo lililokuwa likiwalisha wanawe. Chai nyeusi ya China hakuanza kuiona siku hiyo. Mafundi wa Kichina waliojenga barabara walikuwa wakila kwake, na msimamizi wao alimwachia pakiti siku ya kuondoka. Alimfundisha kuinywa kavu, bila sukari, akiivuta mdomoni kwa kelele kama mtoto anayefyonza uji. Mwanzoni mjane aliona ni adhabu. Ulimi ulipozoea, akaanza kukuta humo harufu ya asali na ya kiazi kitamu kilichochomwa. Akiongeza maji ya pili juu ya majani yaleyale, ladha bado ipo.

Basi birika likazunguka. Mama wa kwanza akaonja, akachukua tangawizi, akatia.

"Chai ya heshima hii, bosi!"

Wa pili akaonja, akamimina maziwa mpaka rangi ikapotea, akaongeza na iliki.

"Hii inashuka mpaka visiginoni!"

Wa tatu hata hakuonja vizuri. Alikuwa anatafuta sukari.

Mjane akavuta funda, kavu. Rangi ilikuwapo. Ladha haikuwapo. Akafunua birika, akatazama majani. Yalikuwa yamelegea kama kitambaa kilichofuliwa mno.

Jirani yake akamnong'oneza, "Shoga, tia tangawizi upite. Kwani nani hajaonja?"

Mnasikia, ndugu zangu? Kumbe wote walijua!

"Vipi, mama?" tajiri akauliza. "Mbona wewe hutii kitu?"

"Nimeitwa kuonja chai, mzee, sikuitwa kuonja tangawizi. Majani haya yamekwisha kunywewa. Mtu ameyachemsha, akayaanika, akakuuzia. Au umeyaanika mwenyewe."

"Unajua umesimama kwenye baraza la nani?"

"La kwako. Ulimi ni wangu."

Akajaza kikombe, akakiweka mbele ya tajiri. "Karibu, mzee. Kunywa hivyo hivyo."

Tajiri akakishika. Akakitazama.

"Nileteeni maziwa," akasema.

Na wale mama ntilie wengine, mnadhani walicheka? Walikimbilia maziwa. Walipigana vikumbo nani ayafikishe kwanza.

Sasa tumwache tajiri, maana najua mmeshaanza kumtafuta mtaani kwenu. Yeye alileta makopo. Tangawizi ililetwa na nani? Maziwa yalitoka kwenye sufuria ya nani? Ni sisi! Tunaletewa hukumu iliyopinda, tunaiongezea iliki. Tunaletewa ahadi iliyokwisha kuchemshwa na waliotangulia, tunamimina maziwa yetu wenyewe, ya watoto wetu, tunasema ni tamu. Tukifika nyumbani tunalia kwamba tumedhulumiwa. Aliyetudhulumu alipata wapi sukari?

Msiniambie hiyo ni busara. Ni woga, tena woga wenye gharama. Mungu alipotupa ulimi hakutupa wa kusifia peke yake. Alitupa na wa kuonjea. Na siku mimi nikisimama hapa nikawamiminia maji yenye rangi tu, msiniwekee tangawizi. Nirudishieni kikombe.

Najua mnachotaka kuniuliza. Yule mjane alipata nini? Mnatamani niseme wateja walimfuata kwa nyimbo, na tajiri akaja kuomba radhi. Sitasema, kwa sababu haikuwa hivyo. Alinyang'anywa nafasi yake siku hiyohiyo, na jirani aliyemnong'oneza ndiye aliyepewa.

Jumapili alihamisha sufuria zake. Jumatatu asubuhi aliwasha moto ng'ambo ya barabara, juani, akabandika maji.