Chumvi Langoni

Kidole kikijikwaa hutiwa dawa kikapona, lakini neno likishatoka kinywani halina mganga. Wahenga walilijua hilo zamani. Mitsugu alilijua akiwa amechelewa.

Mitsugu alikuwa msimulizi wa sinema mjini Otaru, zama zile picha zilipokuwa bubu, na watu walikuja kusikia sauti yake kuliko kutazama picha. Kaka yake, Shinzo, alikuwa vitani Siberia, ng'ambo ya bahari, na mwaka ulipita bila habari zake. Nyumbani alimwacha mama yao, Kane, pamoja na mchumba wake, Orie. Mitsugu alimpenda Orie hata chakula hakimpiti, lakini Orie alikwisha kuapa kumngoja Shinzo.

Majira ya baridi ikaletwa filamu ya ndugu wawili waliompenda binti mmoja. Mkubwa anakwenda vitani. Mwishoni anarudi, anasimama langoni kwenye theluji, na binti analia dirishani kwa furaha. Siku ya kwanza mama na Orie walikaa safu ya mbele. Askari alipotokea langoni, Orie akatabasamu. Wivu ulimshika Mitsugu, ulimi ukateleza.

"Mtazameni miguu," alisema kwa huzuni. "Haionekani. Aliyefia ugenini hurudi kuaga. Msimfungulie, hatapumzika. Mrushieni chumvi aende kwa amani."

Miguu ilizama thelujini tu, lakini nani Otaru hakujua kwamba mizuka haina miguu? Ukumbi mzima ulilia. Mwenye ukumbi akataka maneno yayo hayo kila siku. Mitsugu angeweza kuwaambia mama na Orie kwamba aliyatunga mwenyewe. Hakuwaambia, kwa sababu Orie alikwisha kuanza kumfukizia Shinzo ubani wa wafu, na anayefukiziwa ubani hangojwi tena.

Jioni moja Mitsugu alirudi kwa furaha, maana Orie aliahidi kumpa jibu la posa yake. Langoni akajikwaa, kidole kikamuuma. Aliinama kuondoa gogo, akashika kiatu cha askari. Alifukua theluji kwa mikono mpaka akafika usoni. Shinzo alikuwa wa baridi, na chumvi nyweleni.

Mama alifungua mlango.

"Kaka yako amekuja kuaga," alisema taratibu. "Theluji ilimfika magotini, nimetafuta miguu, sikuiona. Sauti imemkauka, ananiita mama, mama. Nikaziba masikio. Nimefanya kama ulivyotufundisha, mwanangu. Ameshakwenda?"

Orie alitokea nyuma yake na taa, akamwona Shinzo mikononi mwa Mitsugu. Hakulia.

"Shemeji," alisema, "ile picha mwisho wake ni nini?"

Mitsugu, aliyelishwa na ulimi wake miaka yote, aliinama akaanza kupangusa chumvi nyweleni mwa kaka yake. Orie alirudi kwao siku waliyomzika Shinzo. Mama hakurudiwa na akili. Kila jioni alikwenda kutafuta nyayo langoni. Kidole cha Mitsugu kilipona kabla theluji haijayeyuka. Ama kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.