Mtungi wa Bibi Nakiete

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliolala njaa? Sogeeni motoni. Na wewe uliyejificha nyuma ya kuni, jitokeze nikuone. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmekuja.

Hapo zamani za kale, juu mlimani, palikuwa na kijiji kikavu, kikavu, kikavu. Chemchemi ilikuwa mbali: ukitoka alfajiri, unarudi jua la utosi. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mtungi mkubwa wa udongo wa kuhifadhia maji. Na mitungi yote, nawaambia, ilifinyangwa na mtu mmoja tu, Bibi Nakiete.

Bibi Nakiete alimlea mjukuu wake, Nambua, tangu akiwa mchanga. Alimfundisha kufinyanga, alimfundisha kulainisha kwa kijiwe, alimfundisha kuchoma. Na utani wao, acha tu!

"Mke mwenzangu," Bibi angesema, "uji wangu uko wapi? Au umempelekea mume wetu kaburini?"

"Alisema leo hana njaa," Nambua angejibu, na wote wawili wangecheka mpaka wajifute machozi.

Siku zikaenda, Bibi akaishiwa nguvu. Akamwita Nambua kitandani, akamwonyesha mtungi uliokaa pembeni mwa nyumba, mweusi, umeng'aa kwa kupapaswa na mikono ya watu.

"Mke mwenzangu, huo ni wako sasa. Ndio mtungi wangu wa kwanza. Niliufinyanga nikiwa msichana, mama yangu Namkunda akinishika mikono. Siku udongo ukikukataa, uulize huo."

"Niuulize mtungi, Bibi? Kwani mtungi unasema?"

"Na mimi nimewahi kukudanganya?" Bibi akacheka, akakohoa, akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Nambua alilia, jamani. Alilia akichota maji, alilia akipika, alilia akimwaga majivu. Ule mtungi akaufuta vumbi, akaufunika kwa kaniki ya Bibi, asiutie hata tone la maji. Aliogopa usije ukavunjika.

Kilio hakijapoa, mkuu wa kijiji, Mzee Kajiru, akaja kubisha hodi.

"Nambua mwanangu, pole sana. Najua msiba bado mbichi. Lakini kiangazi hicho kinaingia. Tangu Bibi aanze kuugua mitungi yetu imekwisha vunjika, tunahifadhi maji kwenye vibuyu kama wachungaji. Ukitupatia mitungi kabla mwezi haujaandama, tutakaa. Ukishindwa, tutahama sote, twende bondeni."

"Na kaburi la Bibi, mzee?"

Mzee Kajiru akatazama chini. "Tutaliacha, mwanangu. Tutafanyaje?"

Nambua akageuka kulitazama kaburi. Kaburi lenyewe lilikuwa halijaota hata nyasi! Akasema, "Mitungi mtaipata, mzee."

Akachimba udongo, akaukanda, akafinyanga mitungi saba, mmoja kwa kila nyumba. Akaianika, akaipanga, akaifunika kwa kuni na nyasi, akawasha moto. Akakaa chini kusubiri.

Pa! Pa! Pa! Yote saba ikapasuka.

Aibu ikamshika. Akavizoa vigae vyote, akaenda kuvitupa kwenye korongo ambalo hata nyani hashuki, watu wasije wakaviona. Akarudi nyumbani, akaufunua mtungi wa Bibi, akauimbia:

"Mtungi, mtungi wa Bibi,
udongo umenikataa,
niambie nifanyeje?"

Mtungi kimya.

Akafinyanga mara ya pili, akaianika siku nyingi zaidi. Akawasha moto. Pa! Pa! Pa! Vigae akavitupa korongoni. Akaufunua mtungi, akauimbia:

"Mtungi, mtungi wa Bibi,
udongo umenikataa,
niambie nifanyeje?"

Mtungi kimya.

Akafinyanga mara ya tatu, moto mdogo, taratibu, kama anayechemsha dawa ya mtoto. Pa! Pa! Pa! Ah! Vigae korongoni. Sasa udongo ulikuwa umebaki wa kufinyangia mara moja tu, na watu walikuwa wameanza kufunga mizigo. Nambua akauinamia mtungi, akaweka mdomo wake kwenye mdomo wa mtungi, akaimba kwa sauti kubwa huku kamasi zinamtoka:

"Mtungi, mtungi wa Bibi,
udongo umenikataa,
niambie nifanyeje?"

"Niambie na mimi nitaatamia saa ngapi kwa makelele haya!"

Nambua akaruka. Mtungi umesema? Wapi! Alikuwa kuku wa Bibi, kuku mzee kishingo asiye na manyoya shingoni, aliyekuwa ameatamia mayai nyuma ya mtungi.

"Ko ko ko! Kwanza huo udongo unaukanda na nini?" akauliza Kishingo.

"Na maji."

"Na nini tena?"

"Na mikono yangu. Kuna nini kingine?"

Kishingo akacheka mpaka yai likabingirika. "Na kile alichokuwa akitwanga Bibi kila alfajiri je?"

"Si mahindi?"

"Mahindi! Hata mimi nilidhani mahindi. Siku moja nikavizia, nikadonoa kwa pupa yangu yote, nusura nivunje mdomo. Vigae, bibie! Alikuwa akitwanga vigae vya mitungi ya zamani, anachekecha, anachanganya kwenye udongo mpya usipasuke motoni. Ulikuwa wapi wewe?"

Nambua akakaa kitako. Alikuwa wapi? Alikuwa amelala. Du, du, du, alikuwa akiusikia mchi usingizini, anajigeuza upande wa pili. Alipoamka, udongo ulikuwa umekandwa tayari, na Bibi ana vumbi kwenye nyusi. Utotoni vumbi lilikuwa likimkoholesha Nambua, basi Bibi akaifanya ile kazi peke yake, mwaka hadi mwaka, akimwacha mtoto alale.

"Asante, Bibi," akasema.

Haya, vigae atavipata wapi? Vyake viko korongoni. Akapita nyumba hadi nyumba, akakuta vibuyu vitupu. Vigae vya zamani Bibi alikuwa ameshavikusanya na kuvitwanga vyote, na vya mitungi iliyovunjika alipokuwa akiugua, watu walishavitupa makorongoni. Akarudi, akasimama katikati ya nyumba, akatazama pembeni. Mle ndani mlikuwa na kitu kimoja tu cha udongo uliochomwa.

Akaunyanyua mtungi, akautua. Akaunyanyua tena, akautua. "Kishingo, siwezi. Ndicho kitu pekee alichoniachia."

"Na kaburi lake je, utalibeba kichwani mkihama?"

Nambua akaunyanyua mara ya tatu, akafumba macho, akauachia.

Po!

Akaokota kigae cha kwanza. Akakitazama pale kilipovunjika. Nje kilikuwa cheusi, lakini ndani, jamani, kilijaa punje punje. Punje nyekundu, punje nyeupe, punje za rangi ya majivu. Akakumbuka masimulizi ya Bibi: mitungi ya mama yake, Namkunda, ilikuwa myekundu. Mitungi ya bibi yake, Naetwe, ilikuwa myeupe. Na yule aliyemtangulia Naetwe, ambaye hata jina lake limesahaulika, yake ilikuwa ya kijivu.

"Kumbe nyote mko humu!" Nambua akasema. "Nami nilidhani nimebaki peke yangu."

Akalia tena, ila safari hii alilia kwa furaha, hata Kishingo akaona haya akatazama pembeni.

Akavitwanga vile vigae. Du, du, du. Akachekecha, akachanganya, akakanda, akafinyanga mitungi saba. Siku ya kuchoma, kijiji kizima kikaja na mizigo yao, wakasimama kuuzunguka moto. Hakuna aliyekohoa. Wakasubiri pa. Wakasubiri pa. Wakasubiri pa. Moto ukazimika, majivu yakapoa, Nambua akaingiza mikono akatoa mtungi wa kwanza, mzima! Wa pili, mzima! Yote saba mizima!

Mzee Kajiru akainama, akaanza kufungua mzigo wake.

Maji ya kwanza ya mitungi ile Nambua aliyapeleka kaburini. Akayamimina taratibu, akisema, "Asante Nakiete. Asante Namkunda. Asante Naetwe. Asante na wewe ambaye sikujui jina." Na tangu siku hiyo, mtungi wa mtu ukivunjika hautupwi, vigae hupelekwa kwa mfinyanzi.

Miaka ikapita, Nambua akawa bibi. Mjukuu wake akamuuliza, "Bibi, ule mtungi wa Bibi Nakiete unaotusimulia, uko wapi nami niuone?"

"Mke mwenzangu, umetoka kunywa maji sasa hivi. Uliyachota wapi?"

Mtoto akatazama mtungi, akamtazama bibi yake, akautazama tena mtungi. Akaenda, akaukumbatia kwa mikono miwili.

Nami hadithi yangu naitua hapo, kama mtungi utuliwavyo kutoka kichwani. Nipeni maji ninywe, koo limekauka.