Ngazi ya Kwenda Juu

Hapo kale! Itikieni basi, au midomo yenu imejaa maharage? Hapo kale! Naam. Hapo kale, milima hii ya Upare ilipokuwa bado inachagua mahali pa kukaa, paliondokea fundi wa ngazi, jina lake Mbonea.

Ngazi alizijua, wajukuu zangu. Mrina asali akija, Mbonea humuuliza, "Unapanda wapi?" Akisema mti wa matawi mengi, humpa ngazi ya kamba, maana ya mianzi ingekwama. Akisema mti mnyoofu, humpa ya mianzi, nyembamba juu, pana chini. Akija mwezekaji, humpa nzito ya mti mgumu isiyochezacheza. Aliuliza kwanza, ndipo akakata mti. Hakukosea hata siku moja. Ngojeni, atakosea.

Mkewe aliitwa Nakijwa, mwanamke wa kicheko kilichosikika mpaka bondeni. Akashikwa na homa, akafa. Nyumba ikanyamaza. Akabaki Mbonea na binti yao mdogo, Namkunda, ndio kwanza anang'oka meno.

Shangazi mtu akamfuta mtoto machozi. "Usilie, mama. Mama yako yuko juu."

Mtoto akaacha kulia, akamfuata baba yake. "Baba, nitengenezee ngazi. Nataka kwenda juu."

"Juu hakufikiki, mwanangu."

"Kunafikika. Si wewe fundi?"

Akaletewa makande, akasukuma. Akaletewa ndizi, akasukuma. "Mpaka nimwone mama." Akakonda, macho yakawa makubwa kuliko uso.

Wewe unacheka? Usicheke. Baba mtu hakuwa na akili kumzidi. Alimtamani Nakijwa, alikitamani kile kicheko mpaka kifua kikamuuma. Akabeba mianzi mpaka kileleni, akaanza kuunga. Akaunga, ikayumba. Akaunga tena, ikayumba. Akaunga tena, ikavunjika, ikaporomoka bondeni, paa! Fundi mzima akakaa chini akalia kama mtoto.

Namkunda akaja polepole, akaviangalia vile vipande. "Baba, hii ndefu yote ya nini? Nyumba yetu si fupi?"

"Nyumba gani tena?"

"Yetu! Mama si yuko juu? Juu pale anapoweka mbegu."

Mbonea akashika kichwa. Katika nyumba ile, juu palikuwa mahali pamoja tu: darini, juu ya moto. Nakijwa alishinda akisema, "Weka juu, panya wasile. Nishushie ile iliyo juu." Mtoto hakujua juu kwingine. Na fundi, siku hiyo moja, alikata mti bila kuuliza mpandaji anakwenda wapi.

Akarudi nyumbani, akapima mguu wa binti yake kwa kiganja. Akatengeneza ngazi fupi, vipandio vimekaribiana, akaiegemeza darini, akaishika kwa mikono miwili. Namkunda akapanda. Akapanda, akapanda, akaingia.

"Umemwona?" Akauliza kweli, wajukuu zangu, mtu mzima yule.

"Hayupo, baba." Akanusanusa. "Lakini ananukia."

Mbonea akapanda. Kulikuwa na kikapu cha maharage ya mbegu, na kando yake kata ya majani ya mgomba ambayo Nakijwa alijitwishia mizigo, bado imebonyea kwa umbo la kichwa chake. Namkunda akaivaa, ikamshuka mpaka puani. Wakakaa wameinama chini ya paa lile, wakamlilia Nakijwa mpaka wakatosheka.

Ndipo mtoto akasema, "Baba, nina njaa."

Wakashusha kikapu. Mengine wakapika, mengine wakapanda mvua ilipoanguka. Haya maharage mnayomenya ni uzao wa hayo, ndivyo nilivyoambiwa.

Basi mtu akikuomba ngazi, muulize kwanza anakwenda wapi. Usimpimie kwa kiu yako wewe. Wengi hawaombi mbingu, wanaomba kufika darini tu.

Wala msiniulize tena kwa nini ngazi yangu fupi haiondoki pale ukutani, na magoti haya yamekwisha. Koti la babu yenu liko juu. Ninamkumbuka, jamani. Ninamkumbuka kila siku.

Kisa changu kilipanda, sasa kimeshuka, kimekanyaga chini. Mwenye miguu mizima na akanishikie ngazi.