Firigisi Moja

Sogeeni hapa, na anayetafuna amalize kwanza, maana hadithi hii ina kuku ndani yake na sitaki mtu aanze kumeza mate kabla ya wakati. Nina kesi ya kuwapa. Mimi mwenyewe imenishinda, na mimi si mtu wa kushindwa ovyo, waulizeni jirani zangu.

Kesi yenyewe ni ya firigisi. Kijijini kwetu, huku Singida, kuku akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe. Mapaja ni ya wageni, mabawa ni ya watoto, shingo anaitafuna mpishi akiwa bado jikoni, msinitazame hivyo. Lakini firigisi huwekewa mtu mmoja tu, yule anayeheshimiwa kuliko wote siku hiyo. Ikishatua kwenye sahani yake hakuna haja ya hotuba. Sasa Mungu kwa hekima yake akampa kuku mapaja mawili, mabawa mawili, na firigisi moja. Hapo ndipo tulipokwama.

Nianze na wageni wetu.

Mwalimu Gwau anafundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu pale shule ya msingi. Kipaji chake ni kuliona jambo kabla halijafika. Hata msibani hubeba sindano na uzi, eti nguo za watu huchanika makaburini. Tulimcheka sana, mpaka siku gauni langu lilipochanika makaburini.

Ntandu ni mpishi wa sekondari ya kata. Kipaji chake ni utulivu. Amewapikia watoto mia sita kwa miaka kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mkewe hulalamika kwamba inabidi agombane peke yake.

Na Mzee Njiku, babu yake Stumai. Yeye kipaji chake ni ubishi. Ukimwambia mvua inanyesha atatoka nje ahakikishe, atalowa, kisha atarudi akuambie hayo ni manyunyu.

Stumai mwenyewe ana miaka kumi na mitano, na ana usonji. Zamani tulisema mtoto ana mashetani, wengine tukasema mama yake amemdekeza. Nasema tulisema, kwa sababu na mimi nilikuwemo, na ninaona haya hadi leo. Mwalimu Gwau ndiye aliyetufundisha neno hilo na maana yake. Stumai anataka mambo yakae pale yalipokaa jana: kikombe kile kile, njia ile ile, kiti cha tatu karibu na dirisha. Kelele za ghafla zinamuumiza kweli, si kudeka. Maneno yake ni machache, ila hana hata moja la uongo. Alisoma kitengo miaka minane, na mwaka juzi akafaulu darasa la saba. Mama yake alilia kwa furaha mpaka mboga ikaungua.

Furaha ikapoa alipokwenda sekondari na barua. Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa, alisema hajawahi kupokea mwanafunzi wa namna hiyo na hana mwalimu wa elimu maalumu. Hakumfukuza. Alisema hivi: "Nampa mwezi mmoja. Akizoea, jina lake nitaliandika daftarini na ni wetu mpaka kidato cha nne. Akishindwa, atarudi nyumbani." Na nyumbani maana yake nyumbani hasa, kukaa uani na kufukuza kuku kwenye mtama, maisha yake yote. Shule nyingine ya kumchukua haikuwepo karibu.

Basi sikilizeni alichofanya Mwalimu Gwau. Desemba nzima, wenzake wakiwa likizo, alikuja kumchukua Stumai kila asubuhi wakatembea hadi sekondari. Siku ya kwanza waliishia langoni wakageuza. Siku ya pili waliingia uani. Siku ya tatu mvua iliwatimua, ya nne wakafika darasani. Akapiga picha za lango, darasa, bomba la maji na choo, akaenda kuzichapisha mjini, akazibandika kwenye daftari, na chini ya kila picha akaandika kitu kimoja tu cha kufanya. Stumai alilala na daftari hilo. Januari shule zilipofunguliwa, siku ya Jumatatu, akavaa sketi mpya ya kijani, akasindikizwa na mwalimu, akapita langoni na kwenda moja kwa moja kwenye kiti cha tatu karibu na dirisha. Bila Mwalimu Gwau, Stumai asingefika. Hilo hata Mzee Njiku halibishii.

Lakini mwona mbali naye ana mahali asipopaona. Mwalimu alimzoesha mtoto shule ya likizo, na shule ya likizo imenyamaza. Kule msingi kengele yao ni rimu la gari, unaligonga na chuma linalia taratibu. Sekondari wana king'ora cha umeme. Saa nne kamili kikapiga ukelele, wanafunzi mia sita wakatimka kwenda kunywa uji, na Stumai akaruka dirishani.

Sasa sikilizeni alichofanya Ntandu. Walimu walikuwa wamesambaa, huyu langoni, yule mtoni, wanaliita jina la mtoto kwa sauti za kuogofya hata mkubwa. Ntandu alikwenda stoo kuchukua kuni, akaona miguu miwili nyuma ya magogo. Hakuita mtu, wala hakumvuta. Alileta kigoda na ungo wa maharage, akakaa, akaanza kuchambua. Ungo mwingine akausukuma karibu na ile miguu. Baada ya muda mkono ukatoka, ukaokota jiwe moja, ukalitupa. Ukaokota la pili. Wamechambua debe zima ndipo Stumai akasema, "Kengele siyo hiyo."

Ntandu akamuuliza ni ipi. "Rimu," akajibu.

Nyuma ya jiko kulikuwa na rimu kuukuu, limebeba pipa la maji. Pipa lilikuwa limejaa, na Ntandu alikuwa ameyachota maji yale tangu alfajiri. Akalimwaga lote. Akalining'iniza rimu kwenye boriti ya jiko, kisha akaenda ofisini, kofia mkononi, kumwomba mkuu wa shule king'ora kipumzike kidogo. Mkuu akamtazama, akamtazama na Stumai aliyesimama nyuma yake na maharage kwenye ngumi, akakubali kwa mwezi huo mmoja. Saa sita ililia kwa rimu. Stumai akafuta mikono kwenye sketi na kurudi darasani kwa miguu yake, akapita katikati ya wote waliokuwa wakimkodolea macho. Bila Ntandu asingekaa.

Mama yake akadhani yamekwisha. Thubutu.

Njiani kuna njia panda. Kushoto unakwenda msingi, kulia sekondari. Jumanne Stumai alitoka nyumbani peke yake, kama alivyotoka miaka minane, na miguu yake ikafanya ilivyozoea. Alipofika kwenye kitengo akakuta kiti chake kimekaliwa na mtoto mdogo. Akasimama pembeni ya kile kiti hadi adhuhuri, ameziba masikio, analia bila sauti. Jumatano vilevile. Mwalimu Gwau alikuwa na watoto kumi na wanne na mikono miwili. Mkuu wa shule akatuma salamu kwamba mtoto amekosa siku mbili kati ya tatu. Jioni ile nilimkuta mama Stumai anaikunja sketi ya kijani, anaiweka sandukuni. Nikamshikia kifuniko.

Sikilizeni basi alichofanya Mzee Njiku, ambaye, tusifichane, tangu mwanzo hakuitaka hiyo sekondari. Alisema mtoto akae nyumbani afuge kuku. Lakini aliposikia kuna mtu anataka kumkataa mjukuu wake, ubishi ukahamia upande wa pili. Alhamisi alfajiri alibeba kigoda, akajikokota na goti lake bovu hadi njia panda, akakaa katikati ya njia ya kushoto. Stumai akaja. Akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Njia hii imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na mimi."

Mzee anasema mtoto alisimama pale hadi jua likamshukia kutoka utosini mpaka magotini. Kisha akageuka, akaenda kulia. Siku ya pili babu yuko palepale. Wakulima wenye majembe na wanawake wenye ndoo walimwomba asogee, akawajibu njia imefungwa kwa mtu mmoja tu, wao wapite pembeni. Aliketi asubuhi kumi na moja, nyingine kwenye mvua, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, na ukimpa pole anakuambia hayo ni manyunyu. Siku ya kumi na mbili goti lilivimba, akashindwa kuinuka kitandani. Mama Stumai akakimbilia njia panda akiwa na kanga moja. Udongo ulikuwa mbichi, na nyayo za viatu vipya vya Stumai zilikuwa zimekwenda kulia bila hata kusitasita. Bila Mzee Njiku asingerudi.

Mwezi ukaisha. Mkuu wa shule akafungua daftari, akaandika jina la Stumai kwa kalamu ya wino, na king'ora hakikuwashwa tena, maana hata walimu waligundua kwamba bila kile wananywa chai bila kushtuka. Jumapili mama Stumai akachinja jogoo. Nilimnyonyoa mimi, nikamkaanga mimi, kwa hiyo ninachosema nimekiona kwa macho haya.

Tukatandika mkeka. Mama Stumai akaweka firigisi kwenye kisahani, akatoka nayo, akafika mbele ya wageni, akasimama. Hapo ndipo ilipomjia kwamba wako watatu.

Kwanza ilikuwa adabu tupu. Mwalimu Gwau akasema apewe Ntandu. Ntandu akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidevu kwamba apewe mzee. Mzee akasema apewe mwalimu, yeye kazi yake ilikuwa kukaa tu. Mimi, kwa ujinga wangu, nikasema ni kweli, mzee alikaa tu. Ehe! Ubishi ukaamka. Mzee akaanza kueleza habari za goti, kwamba kukaa siku kumi na moja kwenye mvua si kukaa kwa kawaida, na isitoshe yeye ndiye mkubwa pale. Mwalimu akakumbusha, kwa upole, lakini akakumbusha, kwamba jambo lisiloanzwa halina mwisho. Hata Ntandu akaeleza polepole kwamba ukilima na ukapanda, mazao yakaungua katikati, huna ulichovuna. Nikashauri ikatwe vipande vitatu. Mzee akanitazama kama mtu aliyetukana kanisani, akasema firigisi ikikatwa inakuwa nyama kama nyama nyingine. Na hapo nakiri, alikuwa sahihi.

Tuliendelea hivyo mpaka mchuzi ukaanza kuganda. Tulikuwa tunacheka, lakini kila mmoja jicho liko kwenye kisahani.

Stumai alikuwa amekaa mwisho wa mkeka na kikombe chake. Akanyoosha kidole kama wafanyavyo darasani. Hakuna aliyemwona, akaendelea kukinyoosha. Mwishowe Mwalimu Gwau akamruhusu.

"Aliyepita langoni ni mimi," akasema. "Aliyerudi darasani ni mimi. Aliyekwenda kulia ni mimi."

Mwalimu Gwau, anayeona mambo kabla hayajafika, hili hakuliona likija. Mzee Njiku alifungua mdomo akaufunga. Na Ntandu, jamani, Ntandu alicheka kwa sauti mpaka kuku wakakimbia uani, na mkewe alipohadithiwa hakuamini.

Kisha mzee akapata la kusema. Akasema mtoto hali firigisi, haijawahi kutokea. Stumai akauliza kwa nini. Tukatazamana, watu wazima watano. Mama yake akajaribu kwa njia nyingine. Akamkumbusha kwamba yeye kwa kuku anakula bawa tu, na firigisi hata kuigusa hagusi.

"Siili," Stumai akasema. Akasogeza sahani yake mbele, karibu na mama. "Niwekeeni."

Sasa mwenzenu mama Stumai kasimama pale, machozi yanamtoka na anacheka, kisahani mkononi. Kushoto kwake wako watatu, aliyemfikisha mwanawe, aliyemkalisha, na aliyemrudisha, na ukimwondoa mmoja hakuna sherehe. Kulia kwake yuko aliyekwenda, ambaye hata hataila. Mimi najua ilikotua, ila sisemi, kwa sababu tangu siku ile kijiji kizima kinabishana na nusu hawajanisamehe.

Haya, shika kisahani wewe. Ungemwekea nani? Jibu upesi, chakula kinapoa, na yule mtoto bado ametoa sahani yake.