Nyusi za Sultani Badawi

Palikuwa na sultani aliyeitwa Badawi, na nyusi zake zilianzia sikio hili zikaishia sikio lile bila kupumzika njiani. Msicheke mapema. Hakuna aliyethubutu kumwambia, na waziri wake alizisifu kila asubuhi kabla ya kahawa. Basi sultani akaposa binti wa mji wa jirani. Binti akajibu kwa adabu zote kwamba posa ameipokea, ila ndoa haifungwi mpaka aone unyusi wa kulia unapoishia na wa kushoto unapoanzia.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Sultani akaagiza aitwe Bi Zawena, mpambaji wa maharusi, na sharti likatangazwa hadharani: nywele za katikati ya nyusi zitoke zote, na isiume. Ikiuma, Zawena ahame mji siku hiyohiyo, asirudi tena.

Sasa huyu Zawena alikuwa mjane, macho makavu, ulimi hauna breki, na nyumba yake haikuwa na mlango. Haikuwa hivyo zamani. Sultani alijenga ukumbi wa harusi, akataka uwe na milango ya nakshi, na fundi wa kuchonga angechelewa. Akawatuma askari wakang'oe ya watu. Waling'oa na fremu zake, wenye nyumba wakilia barazani. Jioni ile roho ilimsuta sultani kidogo, akamwuliza mkuu wa askari mbele ya wazee wote, "Watu wameumia?"

"Tumeivuta milango yote, Maulana, na wala haikuuma."

"Alhamdulillahi," akasema sultani, akalala usingizi mnono. Kesho yake mbiu ikapigwa mji mzima kwamba milango imetoka na haikuuma. Zawena aliisikia vizuri sana, maana hakuwa na mlango wa kufunga. Tangu hapo alitundika mkeka, na mbuzi wa jirani akawa anaingia na kutoka anavyotaka.

Alipoitwa aliogopa, tusidanganyane. Mama yake amezikwa mji ule, nyuso zote anazozijua zi mji ule, na kwingine hakujui. Hata hivyo alipika halawa yake ya kung'olea nywele, sukari na maji ya ndimu, mpaka ikawa nzito ya kuvutika, akaenda.

Alimkuta sultani ukumbini kwenye kiti kirefu, kadhi kuliani, waziri kushotoni, na watu wamejaa kutazama.

"Maulana, kwanza nikuoshe uso kwa maji ya vuguvugu. Umejipaka mafuta, na halawa haishiki penye mafuta."

"Mafuta haya yametoka Hijazi. Hayaoshwi."

"Basi nikujaribie kidogo mkononi, nione ngozi yako inaipokeaje."

"Ngozi ya sultani haijaribiwi."

"Nikupake poda kidogo, jasho likauke."

"Mimi si andazi."

"Basi niruhusu niikaze ngozi kwa kidole wakati wa kuvuta. Ikilegea, inauma."

"Nikishikwa paji la uso mbele za watu, nitakuwa nani?"

"Utakuwa bwana harusi."

Waziri alikohoa muda mrefu. Sultani akasema, "Vuta."

Zawena akaijaribu halawa kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe isije ikawa ya moto, akaibandika katikati ya nyusi, akaikandamiza, akavuta. Sultani alipiga ukelele, njiwa wakaruka darini, na jikoni wakadhani ng'ombe wa karamu ameshachinjwa. Papo hapo Zawena akamwekea kiganja pale palipovutwa, akakandamiza, kisha akambandika kitambaa kilichokamuliwa maji ya baridi. Ndivyo alivyozoea kumhudumia mteja, hata huyu anayetaka kumfukuza mji.

"Leo usipake marashi, Maulana. Usikae juani. Na usipaguseguse."

Sultani akaletewa kioo. Nyusi mbili. Alijitazama, akageuka kulia, akageuka kushoto, akatabasamu. Halafu akakumbuka sharti lake.

"Imeuma. Kadhi, umesikia?"

"Hata mtaa wa pili wamesikia," akasema kadhi, ambaye chakula chake cha mchana kilitoka jikoni kwa sultani. "Zawena, nywele zimetoka, hilo tumeliona. Lakini imeuma. Una la kujitetea?"

"Niseme kwamba Maulana alikataa kuoshwa?"

"Kumlaumu sultani ni kosa jingine, na adhabu yake inashinda kuhama."

"Basi sikusema. Naomba kuuliza tu, shehe. Kitu kikivutwa, mnajuaje kama kimeuma?"

"Huulizwa aliyekuwepo."

"Mlango wangu ulipovutwa, mimi nilikuwepo."

"Mlango unahusu nini hapa?"

"Uko nyuma yako, shehe. Umeuegemea."

Watu wakaangua kicheko. Kadhi akajitoa mlangoni kana kwamba umemchoma. Sultani akapandisha nyusi, na kwa mara ya kwanza zikapanda mbili.

"Hilo lilikwisha. Nililichunguza mwenyewe. Milango haikumuumiza mtu."

"Maulana alimwuliza nani?"

"Mkuu wa askari. Huyo amesimama hapo."

"Na yeye siku ile alikuwa anavuta, au anavutwa?"

"Anavuta, bila shaka. Nani ataijua kazi kuliko aliyeifanya?"

"Na neno lake likatosha?"

"Lilitosha, na mbiu ikapigwa. Kilichopigiwa mbiu ni sheria ya mji huu, hakuna wa kuipinga."

"Hata kadhi?"

"Hata mimi," akasema sultani kwa fahari.

Zawena alikuwa akijifuta sukari vidoleni, polepole, hana haraka. Alipomaliza akamgeukia kadhi.

"Basi andika, shehe. Nimevuta mimi, na wala haikuuma."