Anwani za Bwana Shekalaghe

Bwana Shekalaghe, mwenye jengo la ofisi, alikitamani chumba cha dirishani alichopanga Mwanjaa, mpiga chapa.

"Hama," alimwambia. "Seva yangu ndiyo inayogawa anwani za mtandao humu. Nimeiamuru iinyime kompyuta yako, na bila anwani hupati intaneti."

"Inaitambuaje, mzee?"

"Kwa jina lake."

"Na yenye jina geni?"

"Mgeni hukaribishwa. Hupewa anwani mpaka ziishe."

"Zikiisha, hata wewe unanyimwa?"

"Sheria ni msumeno!" alijigamba.

Kesho yake kompyuta ya Shekalaghe mwenyewe ilikataliwa: anwani zimekwisha. Akapanda ngazi akihema.

"Nani kazimaliza?"

"Kompyuta yangu," alijibu Mwanjaa. "Ilibisha hodi kwa jina jipya kila mara, ikakaribishwa kila mara na kupewa anwani nyingine. Sasa mzee, nihame nazo?"