Jumbe Aliyemeza Bila Kutafuna

Sogeeni niwasimulie.
— Tumesogea, simulia.
Nisimulie kwa haraka au taratibu?
— Taratibu, tusikie vizuri.

Hapo kale, kale sana, watu na wanyama walipokuwa wakiongea lugha moja, alikuwako jumbe wa Kwamgole, jina lake Shekiondo. Mwaka huo mvua ilikuwa imekatika, watu wakawa wanapika chungu kimoja na kula sinia moja.

Shekiondo hakutafuna. Alimeza. Wenzake wakiwa bado wananawa mikono, nusu ya sinia ilikuwa imeshashuka tumboni mwake. Watoto wakadhoofu, yeye akanenepa, na kila akishiba aliwahutubia watu juu ya kuvumilia njaa.

Mkewe, Mwantumu, alimwomba aende akawaulize wanyama jinsi ya kula. Akaenda, lakini kwa nia ya kutafuta wa kumtetea.

Akamkuta Ng'ombe anacheua. Ng'ombe akamweleza kwamba mate ndiyo yanayoanza kazi. Chakula kisipolainika mdomoni, tumbo hupata taabu. Jumbe akacheka, akasema anayekula tonge moja mara mbili hana la kumfundisha mtu.

Akamkuta Fisi. Fisi akajisifu kwamba maji makali ya tumboni mwake huyeyusha hata mfupa. Jumbe akafurahi. Fisi akaongeza kwamba tumbo la mtu halina nguvu hiyo, lakini jumbe alikuwa ameshaondoka.

Akamkuta Chatu amemeza swala mzima. Chatu akasema hajatafuna tangu azaliwe. Jumbe akafurahi zaidi. Chatu akasema pia kwamba akishameza hulala siku kumi bila kujimudu. Neno hilo halikumfaa jumbe, akaliacha palepale.

Kijiji kikachinja mbuzi wake wa mwisho. Jumbe akatangaza kwamba Fisi na Chatu wako upande wake, akameza pande la paja, akameza mafuta, akameza gegedu.

Muda si muda tumbo likavimba. Maji makali yakapanda na kumuunguza koo. Mafuta yalikuwa mengi, nyongo ikashindwa kuyavunjavunja. Jumbe akalala chali, akilia, akaagiza wanyama waitwe.

Chatu alituma salamu kwamba yeye hawezi kuondoka alipo kwa siku kumi. Fisi alikuja, akamnusa, akamuuliza Mwantumu kwa adabu kama mumewe atakufa leo au kesho, maana alitaka kujipangia safari zake.

Ng'ombe alikuja na bakuli la uji mwepesi usio na chumvi wala sukari.

"Weka kijiko kimoja mdomoni," akamwambia. "Usimeze mpaka uwe mtamu."

"Sukari ataweka nani?"

"Mate yako. Yamekungoja tangu utotoni."

Jumbe akatii, akaona kweli, uji ukawa mtamu. Siku kumi aliishi hivyo, na siku hizo kumi watoto wa Kwamgole walikula wakashiba. Hata ukoko ulibaki.

Alipopona alirudi kwenye sinia, akatafuna tonge lake la kwanza kwa woga na uangalifu. Alipoinua macho, sinia lilikuwa jeupe, halina hata punje. Alitaka kuwahutubia watu juu ya ulafi, lakini mdomo ulikuwa umejaa, na hakuthubutu kumeza.

Funzo la hadithi hii: tumbo halijui kwamba wewe ni jumbe. Tafuna chakula chako, na ukumbuke kwamba mnaokula nao pia wana midomo.

Hadithi yangu imefika mwisho, nami nafunga mdomo. Mmeimeza?
— Tumeitafuna.